Kupima sumu ya maji kwa kutumia uduvi: tunavyofanya hapa Kigoma

Mtu akikuletea chupa ya maji kutoka mto Luiche akakwambia "nipimie kama yana dawa ya nyanya", mara nyingi utapima mpaka uchoke na hupati kitu, maana dawa yenyewe ilishuka na mvua ya juzi usiku na saa hizi imeshachanganyika na ziwa lote lile. Ila uduvi aliyekuwa amejibanza pale mdomo wa mto juzi usiku, huyo bado yupo, na ndani ya mwili wake kuna kitu kimeguswa na bado hakijarudi sawa. Hicho kitu ndo tunachopima.

Kitu chenyewe ni kimeng'enya (protini ya mwilini yenye kazi yake maalumu) kinaitwa asetilikolinesterasi, tuandike AChE tusije tukachoka. Kazi yake ni kwenye mishipa ya fahamu. Neva ikitaka kupeleka taarifa kwa neva nyingine au kwenye msuli inamwaga kemikali ya kubeba ujumbe, asetilikolini, ujumbe ukishafika AChE inakuja kufagia ile asetilikolini iliyobaki, basi, kimya, tayari kwa ujumbe mwingine. Sasa dawa za jamii ya oganofosfeti (klopirifosi, profenofosi na ndugu zao, hizi zinazopigwa kwenye nyanya na pamba) zinaenda kung'ang'ania kwenye AChE kama kupe, mfagiaji anafungwa mikono, asetilikolini inajaa, mnyama anatetemeka, anakakamaa, anakufa. Wadudu wanakufa hivyo, na uduvi ni binamu wa wadudu kwahiyo naye hana pa kukimbilia. Kabamati, jamii nyingine ya dawa za wadudu, nazo zinafanya hivyohivyo ila zenyewe zinaachia baada ya muda mfupi, oganofosfeti ndo ving'ang'anizi, mnyama anaweza kukaa siku nyingi, hata wiki kadhaa, kabla hajatengeneza AChE mpya ya kutosha. Hapo ndo faida ilipo, sumu imeondoka majini lakini alama yake unaikuta.

Kwanini uduvi na sio dafnia

Ukisoma miongozo mingi ya nje utakuta dafnia, vile viroboto vya maji, kila ukurasa dafnia. Sasa sie wa huku tuna shida moja, Ziwa Tanganyika kwenye maji yake ya wazi halina dafnia, na maji yenyewe yana pH karibu 9 na chumvichumvi nyingi. Ukimtoa dafnia wa kufugwa maabara ukamtumbukiza humo akazubaa, hujui kazubaa kwa sumu au kwa ugeni. Tumia mwenyeji. Ziwa letu lina uduvi wake ambao hawapatikani kwingine duniani, jamii ya Limnocaridina na wenzake, wadogo sana, wengi hawafiki hata urefu wa kucha ya kidole gumba, wanaangaza kama kioo, wanakaa kwenye mawe na majani ya maji. Wapo wengi na hawaendi mbali, kwahiyo uduvi wa pale anakwambia habari za pale. Dagaa ni mtembezi, leo Kibirizi kesho huko Burundi, habari zake zinakuwa za njiani.

Kuchagua sehemu (hapa usiharakishe)

Nakwambia kabisa kwamba kazi hii inaharibikia ziwani na kwenye barafu, mashine ya maabara mara nyingi haina kosa. Namba ya AChE ikiwa peke yake haina maana yoyote. Hakuna namba ya dunia nzima kwamba uduvi mzima ana kadhaa. Unachofanya ni kulinganisha uduvi wa sehemu unayoishuku na uduvi wa sehemu safi, aina ileile, ukubwa uleule, siku ileile, maji yenye joto lilelile. Sasa sehemu safi ni ipi? Kwa sie wa Kigoma mjini inabidi utoke, upande wa kaskazini ukielekea Gombe kuna fukwe za mawe mbali na mashamba na mbali na bandari (ndani ya hifadhi yenyewe usiingie kichwakichwa, ile ni hifadhi ya taifa toka 1968 na inataka vibali vyake, na hata nje ya hifadhi kibali cha utafiti kitafute mapema). Sehemu ya kushuku inaweza kuwa mdomo wa Luiche kule chini ya Ujiji, au ghuba ya mjini kwenye meli na mafuta, au mfereji unaoshusha maji ya sabuni.

Kosa la watu wengi: sehemu chafu wanachukua kwenye matope na majani, sehemu safi wanachukua kwenye mawe. Hapo umelinganisha matope na mawe. Mdomo wa Luiche ni tope tupu, mawe huyapati. Njia tunayotumia ni kutengeneza vizimba, ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaitoboa madirisha, unabandika wavu wa chandarua, unaweka mawe mawili matatu yenye ukungu wa kijani wapate kula, unaingiza uduvi kumi na tano hivi wote waliovuliwa sehemu safi, alafu vizimba kadhaa unavizamisha kulekule kwao na vingine idadi ileile unavipeleka Luiche, unawaacha saa 48 mpaka 96. Wote wametoka nyumba moja kwahiyo tofauti ikitokea imetokea baada ya kuhama. Angalizo la kitaalamu kabisa: ongea na wavuvi wa pale kabla. Mi kizimba changu cha kwanza kilifunguliwa na watoto wakadhani ni mtego wa samaki. Cha pili nilimfuata mzee mmoja anayeshona nyavu pale ufukweni, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza, akacheka sana, "yani unavilaza hapa halafu unakuja kuviuliza vimelalaje?" Nikamwambia ndo hivyohivyo mzee. Toka siku hiyo hakuna aliyegusa. Na ile sentensi yake inaeleza kazi hii kuliko vitabu.

Muda nao. Ukitaka kujua habari za dawa za mashamba, nenda mara mbili, mwisho wa kiangazi kabla mvua haijaanza na tena siku moja au mbili baada ya mvua kubwa za mwanzo, Oktoba Novemba hapo, maana ndo zinazokomba kila kitu mashambani.

Kuvua na kugandisha

Kuvua ni rahisi, chujio kubwa la chai au wavu mdogo wa mkono, unageuza jiwe taratibu unachota chini yake. Vaa buti za mpira, kichocho kipo fukwe nyingi, na kwenye mawe ya ziwa hili kuna nyoka wa majini, swila anayekula samaki, hana shida na wewe ila usimshike mkia ukidhani ni mzizi. Chagua wanaolingana ukubwa. Wenye mayai tumboni (utayaona wamebeba chini ya mkia) rudisha majini, na yule laini laini aliyetoka kujivua gamba naye mrudishe, vimeng'enya vyao havikai sawa kipindi hicho.

Uduvi mmoja ni mdogo mno kupima peke yake. Mi nachanganya watano wanakuwa sampuli moja, na kila kituo natafuta sampuli nane mpaka kumi. Yani uduvi arobaini mpaka hamsini kwa kituo. Usije na sampuli mbili mbili ukasema umepata tofauti.

Sasa barafu. Kimeng'enya ni protini, na tumboni mwa uduvi kuna vimeng'enya vingine vya kumeng'enya chakula ambavyo mnyama akifa vinaanza kumla mwenyewe kuanzia ndani. Kwahiyo dakika ile umemtoa majini mfute haraka na tishu, mtie kwenye kichupa, kichupa kwenye baridi kali. Naitrojeni ya kimiminika, ile ya kugandisha papo hapo, huku kwetu ni ndoto kwa wengi, tunachofanya ni deli kubwa, barafu za mifuko wanazouza kina mama zinapondwa, zinachanganywa na chumvi nyingi ya mawe, ile chumvi inashusha baridi chini ya sifuri kabisa, wauza aiskrimu wanajua hii toka zamani. Weka kipimajoto ndani na uandike kinasoma ngapi kila nusu saa. Usiruke hili.

Nasema usiruke kwa sababu mi niliruka. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka Luiche na bodaboda, deli mgongoni, tairi likapata pancha katikati ya jua la saa nane, tukakaa pale kama masaa mawili tunatafuta fundi, na barafu nilikuwa nimenunua kidogo kwa kubana hela. Sampuli za sehemu safi zenyewe zilikuwa zimeshafika friza asubuhi bila shida. Nilivyopima, AChE ya Luiche imeshuka karibu nusu! Nikafurahi kama mjinga, nikaandika ripoti yote usiku, wakulima wa nyanya wanaua ziwa, nimebakiza kutuma tu. Mwenzangu mmoja akaniuliza swali dogo, deli lilisoma nyuzi ngapi ulivyofika? Nikakosa jibu. Tukarudia wiki iliyofuata na barafu ya kutosha, tofauti ikawa ndogo mno, huwezi hata kuisemea. Ningekuwa nimewasingizia watu kwa sababu ya pancha. Toka hapo kila safari nabeba sampuli ya msindikizaji, nachukua uduvi kadhaa wa sehemu safi nawatia kwenye deli lilelile linaloenda Luiche na kurudi, nao wakishuka najua ni safari imewashusha.

Ukifika, friza, ikiwepo ya nyuzi 80 chini ya sifuri vizuri, kama ni ya 20 pima ndani ya siku chache na usiyeyushe ukagandisha tena. Umeme ukikatika usifungue friza "kuangalia".

Maabara: supu ya uduvi

Pima uzito wa wale watano, ongeza bafa ya fosfeti (maji yenye chumvi za kushikilia pH isibadilike) ya baridi, 0.1 M (M ni moli kwa lita), yenye pH 8.0, mara kumi ya uzito (uduvi gramu 0.1, bafa mililita 1). Saga kwa mchi mdogo huku kichupa kimekaa kwenye barafu, saga kwa vipindi, maana ukikazana mfululizo msuguano wenyewe unapasha moto. Alafu sentrifyuji ya baridi (mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi), nyuzi 4, 10,000 g (mara elfu kumi ya mvutano wa dunia), dakika 15. Machicha yanakaa chini, maji ya juu ndo supu yako, yanyonye taratibu usivuruge. Kama sentrifyuji yenu haina ubaridi, ingiza rota kwenye friji usiku kucha na zungusha muda mfupi mfupi.

Kipimo chenyewe ni cha Ellman, cha mwaka 1961, hakijazeeka. Wazo lake ni zuri: badala ya kumpa kimeng'enya asetilikolini ya kawaida unampa asetilithiokolini, akiikata inatoka thiokolini, hiyo inakutana na kemikali inaitwa DTNB na papo hapo inatoka rangi ya njano. Njano ikiongezeka haraka kimeng'enya kina nguvu, ikijivuta kuna kitu kimekishika. Spektrofotomita, mashine inayosoma ukali wa rangi, unaiweka nanomita 412.

Kwenye kyuveti (kichupa kiangavu kinachoingia kwenye mashine) weka bafa mililita 2.6, supu mililita 0.4, DTNB ya 0.01 M mikrolita 100. Sasa SUBIRI. Dakika tano hivi. DTNB inapenda salfa yoyote inayoikuta, na ndani ya supu kuna protini zenye salfa zake, kwahiyo itaanza kuwa njano kabla hata hujaweka chakula cha kimeng'enya, ngoja mpaka namba itulie. Ikitulia ndo unaweka asetilithiokolini ya 0.075 M mikrolita 20, unachanganya, unasoma kila dakika kwa dakika tano. Joto liwe nyuzi 25 muda wote, kwa sampuli zote, chumba cha maabara cha Kigoma mwezi wa tisa saa saba mchana sio chumba kilekile cha saa mbili asubuhi, na kimeng'enya kikipata joto kinakimbia. Kama mashine haishiki joto basi changanya sampuli za vituo vyote bila mpangilio siku nzima, usipime safi asubuhi chafu mchana. DTNB ifunge na foili, mwanga unaiharibu. Na andaa blanki, kila kitu kilekile ila badala ya supu weka bafa, maana asetilithiokolini inavunjika yenyewe kidogo kidogo.

Hesabu. Tuseme namba ya mashine kwa sampuli inapanda 0.046 kwa dakika, blanki inapanda 0.006, toa, unabaki na 0.040. Zidisha kwa ujazo wote (3.12) na milioni moja, gawa kwa 13,600 (hiyo ndo namba ya ile rangi ya njano), gawa kwa 0.4 ya supu, gawa kwa protini. Protini unaipima kwa njia ya Bradford, rangi ya buluu, nanomita 595, ukitumia albumini ya ng'ombe kuchora mstari wako. Ikitoka miligramu 2 kwa mililita, jibu ni kama nanomoli 11.5 kwa dakika kwa kila miligramu ya protini. Bila kugawa kwa protini utakuwa unapima nani alisaga vizuri.

Mwenzake: GST

AChE peke yake inakujibu swali moja tu. Ongeza glutathioni S-transferasi, GST, hii ni kimeng'enya cha kusafisha, kinabandika glutathioni (kemikali ya mwili wenyewe) kwenye sumu ili mwili uitupe nje, kwahiyo mnyama akikutana na mafuta au dawa nyingi GST mara nyingi inapanda. Supu ni ileile, unatumia kemikali inaitwa CDNB, inayosimama badala ya sumu, na glutathioni, nanomita 340, namba ya hesabu ni 9.6 kwa milimola. CDNB ishike na glavu, ni mbaya kwa ngozi, ukishaizoesha ngozi yako mzio kila ukikaribia unawashwa. Kuna na katalasi, kimeng'enya kingine, ila hiyo inasomwa nanomita 240 na inataka kyuveti ya kwatzi, kyuveti ya plastiki ya kawaida inameza mwanga wote, kama hamna achana nayo.

Kusoma majibu

Utasikia watu wanasema ikishuka zaidi ya asilimia 20 kuna sumu. Hiyo kanuni asili yake ni ubongo wa ndege. Uduvi wa porini wanatofautiana wenyewe kwa wenyewe kuliko hivyo, kwahiyo kwanza jua uduvi wako wa sehemu safi wanatawanyika kiasi gani, pima safari tatu nne sehemu safi tu, ndo ujue kushuka kwa kweli kunaanzia wapi.

AChE ikiwa ya kawaida pia usiseme maji ni masafi! Pairethroidi, hizi dawa za kisasa zinazopigwa sana mbogamboga, zinaua uduvi vibaya mno ila hazigusi AChE kabisa, zenyewe zinashambulia mlango mwingine kwenye neva. Dawa za kundi la imidaklopridi vilevile, haziko kwenye AChE. Kwahiyo kizimba kikirudi na uduvi nusu wamekufa na waliobaki AChE yao safi, usiandike "hakuna tatizo", andika wangapi wamekufa. Tena waliobaki hai ndo wale wagumu, wanyonge wameshaondoka na ushahidi wao. Upande wa pili, AChE inaweza kushuka kidogo kwa madini kama shaba na zebaki, au sabuni, kwahiyo kushuka peke yake hakukutajii jina la dawa. Mi naandika hivi: "AChE imeshuka kulinganisha na kituo safi, GST imepanda au haijapanda, vifo kadhaa", alafu ndo naomba maji na tope la sehemu ile lipelekwe maabara ya kemia kutafuta dawa yenyewe, sasa wakiwa wanajua watafute kundi gani na siku gani.

Mabaki ya kyuveti yote mwaga kwenye dumu lenye mfuniko na maandishi makubwa, sio kwenye sinki, sinki letu linaishia tunapojua sote. Supu iliyobaki gandisha, na vichupa andika na penseli kwenye karatasi ngumu uitumbukize ndani, kalamu ya rangi ikikutana na spiriti inafutika yote na utabaki na vichupa themanini visivyo na jina.